Simba Wasiokuwako

Katika sanduku la vitabu la kigango chetu huku Obokote, katika nchi ya Lubutu, kaskazini ya Maniema, mna nakala moja ya kitabu cha Camara Laye kiitwacho L'Enfant noir, yaani Mtoto Mweusi. Kilitoka Paris mwaka 1953, na hata leo wanafunzi wengi wa Kongo hukutana nacho katika masomo ya Kifaransa. Mimi nilikisoma katika seminari ndogo nikiwa na miaka 14, nikakipenda. Mwaka jana nilikitoa sandukuni ili niwasomee vijana wanaojitayarisha kwa Kipaimara. Kumbe kurasa za sura ya tohara hazimo! Zimekatwa kwa wembe, kwa unyofu, kama kazi ya fundi wa nguo.

Nilicheka kwanza, kisha nikaona uchungu. Maana naikumbuka sura ile, na yeyote aliyeisoma atashuhudia kwamba hamna ndani yake neno la kumwaibisha mtoto. Mna ngoma, mna hofu, mna damu, mna mama aliyesimama mbali njiani. Mwenye wembe alidhani anaficha mambo ya mwili, na kumbe mwandishi mwenyewe alikwisha kuyaficha kabla yake. Basi hilo ndilo nitakalo kusema juu ya kitabu hiki. Kimesema kweli kubwa juu ya mtoto anayegeuka kuwa mtu mzima, lakini kimenyamaza palepale ambapo watoto wetu wangependa kuuliza.

Nianze na ile kweli. Laye alizaliwa mwaka 1928 Kouroussa, mji wa Guinea kando ya mto Niger, na baba yake alikuwa mhunzi. Katika kitabu asimulia usiku mmoja ambapo wavulana wasiotahiriwa walikusanywa, wakapelekwa porini penye mti mkubwa wa msufi, wakapigishwa magoti, vichwa chini, mikono juu ya macho. Walikuwa wameambiwa habari za Konden Diara, simba alaye watoto. Na kweli, gizani ngurumo ikalia, ikajibiwa na nyingine, hata nchi yote ikawa kama imejaa simba. Watoto wakatetemeka, asithubutu mmoja wao kufumbua macho. Asubuhi nyuzi nyeupe zilionekana juu ya mapaa ya nyumba, nayo ikasemwa kuwa ni kazi ya Konden Diara.

Baadaye, wakati wake ulipofika, Laye alijulishwa. Simba hawakuwako. Wavulana wakubwa waliotangulia ndio waliozungusha angani vibao vidogo vilivyofungwa kamba, na upepo ukavuma katika vibao ukatoa sauti ile. Ni hayo tu: kibao na kamba.

Wasomaji wengine hufika hapo wakasema, Tazameni udanganyifu wa mila! Mimi sisomi hivyo. Kabla ya usiku ule baba yake alizungumza naye. Siri hakumpa, ila alimwambia kwamba yeye naye alipita njia ileile akiwa mtoto, kwamba hofu ni lazima, na kwamba akiitawala hofu yake hapatwi na neno. Kwa hiyo mtoto alikwenda gizani akijua kwamba baba yake amewahi kupiga magoti chini ya msufi uleule. Na siku zilipotimia walimwita, wakamwonyesha kibao. Ngurumo ilikuwa na mwisho wake. Wale waliomtisha ndio waliomtoa katika hofu, wala hawakumwachia kazi hiyo mtu mwingine.

Sisi Wakomo tulikuwa na gandja yetu, na jirani zetu Walega walikuwa na bwali. Bwana Wauthier de Mahieu aliandika juu ya gandja kitabu kizima kwa Kifaransa, kikatoka mwaka 1985, na mwenye kutaka elimu hiyo akitafute. Mambo ya ndani mimi sitayaandika gazetini. Wazee wangenishangaa, tena kwa haki. Yatosha kusema kwamba mvulana hakuachwa peke yake. Alikuwa na wenzake wa rika, alikuwa na mkubwa wa kumwangalia, naye alirudi nyumbani akijua jambo ambalo jana hakulijua.

Siku hizi watoto wengi hutahiriwa wakingali wachanga, katika zahanati, kwa mkono wa muuguzi, kwa dakika chache. Sina ugomvi na muuguzi. Kisu chake ni safi, na mtoto hapati kidonda cha kuoza. Lakini je, kisu kilikuwa kazi yote? Tumeyaacha mazungumzo ya baba jioni, na tumeacha kuwaonyesha watoto kibao. Ngurumo tu hatukuiacha.

Sikilizeni ngurumo zetu. Msichana huambiwa, Ukiguswa na mvulana utapata mimba. Haambiwi zaidi. Mvulana huambiwa kwamba akiutazama mwili wake atapofuka macho. Mwingine huambiwa kwamba chunusi za usoni ni alama ya mawazo mabaya, hata watu wamwonapo njiani humcheka, naye huinamisha uso kana kwamba amekamatwa akiiba. Mambo haya husemwa na watu wema, nami nimeyasikia hata kwa wenzangu makatekista. Sasa fikirini mwisho wake. Msichana huguswa mkono na mvulana katika mchezo, mwezi hupita, mimba haiji. Basi yeye mwenyewe, pasipo kusaidiwa na mkubwa, amefumbua macho akaona kwamba simba hakuwako. Tangu siku ile, nenolo lote la mkubwa, hata lililo kweli na la kuokoa maisha yake, atalitia katika kapu moja na lile la uongo. Atakwenda kuuliza kwa rafiki mwenye simu, na katika simu ile atajifunza mambo ambayo mimi ninaona haya kuyataja hapa.

Nisijifanye kwamba niliponea mbali na ngurumo hizo. Nikiwa na miaka 13 niliimba sauti ya kwanza katika kwaya. Siku ya Pasaka, katikati ya Utukufu, sauti yangu ilipasuka kama chungu kilichoanguka kisimani. Kwaya nzima ilicheka, na mwalimu wa kwaya alinitazama kama mtu aliyekunywa pombe. Hakuna aliyenieleza. Mwezi uleule niliamka usiku nikaona shuka limelowa kwa namna nisiyoijua. Nilidhani ni ugonjwa, kisha nikadhani ni dhambi, kwa sababu mambo yote ya sehemu ile ya mwili niliyapata kusikia katika mafundisho ya dhambi tu. Siku tatu sikula vizuri. Jumamosi nikaenda kwa padri mzee, nikaungama kwa machozi kama mtu aliyeua. Alinyamaza kidogo, akasema, Mwanangu, hiyo si dhambi. Ulikuwa umelala, na mwili wako unafanya kazi yake ya kukua. Nenda ukafue shuka. Maneno hayo hayakuzidi dakika moja. Kile ndicho kilikuwa kibao changu na kamba yangu, na mpaka leo namwombea mzee yule.

Basi, maadamu nawalaumu wengine kwa kunyamaza, nami nikionyeshe kibao hapa wazi. Chini ya ubongo mna tezi ndogo, ukubwa wake kama njegere. Wakati ukifika hutuma katika damu vitu viitwavyo homoni, navyo huamsha mayai ya msichana na kokwa za mvulana, ambazo nazo hutoa homoni zake. Hapo ndipo mageuzi yote hutoka. Wasichana wengi huanza kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14, hata watoto wawili wa mama mmoja waweza kupishana kwa miaka, wala hapana aliyerogwa. Kwa msichana matiti huanza kuchipuka, na damu ya mwezi hufuata, mara nyingi baada ya miaka kama miwili. Tena mwaka wa kwanza na wa pili huja bila mpango, mara mapema, mara kwa kuchelewa. Kwa mvulana kokwa hukua kwanza, kisha mwili hurefuka kwa haraka, na kisanduku cha sauti kooni hupanuka na nyuzi zake kurefuka, kwa hiyo sauti huyumba mpaka izoee nyumba yake mpya. (Laiti mwalimu wa kwaya angalijua!) Jasho hubadili harufu, ngozi hutoa mafuta mengi, na mafuta hayo ndiyo yaletayo chunusi. Na sehemu ya mbele ya ubongo, ile ipimayo mambo na kujizuia, hukomaa mwisho wa zote, hata kupita miaka 20. Ndiyo sababu kijana wa miaka 15 aweza kuwa na nguvu za mtu mzima akiwa hajapata breki zake.

Katika kurasa zote za Laye hamna mistari mitano juu ya hayo. Mongo Beti wa Kamerun alimlaumu zamani, mara kitabu kilipotoka, kwamba ameichora Afrika tamu bila kuonyesha dhuluma za wakoloni. Lawama hiyo imejadiliwa sana, nami sitaiongeza. Langu ni jingine, nalo ni dogo, lakini kwa mwalimu wa vijana ni zito. Asimulia wiki zile ndani ya nyumba ya waliotahiriwa, jinsi walivyofundishwa kuishi kama watu wazima: kuwa waaminifu, kuwaheshimu wazazi na wakubwa. Mafundisho mema. Lakini mtoto wangu wa Kipaimara akiuliza, Je, mwili wangu unafanya nini? kitabu hakina jibu. Baadaye Laye yuko Conakry shuleni, anampenda msichana aitwaye Marie, na shangazi zake wanawatania. Mapenzi yale ni safi kama maji ya chemchemi, nami nayasifu. Ila kijana wa umri ule anayesoma aweza kudhani kwamba yeye peke yake katika Afrika nzima anapigana na mwili wake, kwa kuwa Laye ni kama hakuwa nao.

Mahali pamoja tu mwili unachungulia, na hapo kitabu chachekesha. Kijana amerudi nyumbani kwa likizo, ana nyumba yake mwenyewe mkabala na ya mama. Na mama huja usiku wa manane, polepole, kumulika kitandani aone ni nani aliyelala na mwanawe! Nilipowasimulia vijana wangu habari hii walipiga makofi. Kila mmoja alimtambua mama yake. Walakini ukiitazama vizuri utaona kwamba mama yule anamulika kwa sababu hasemi. Laiti nusu ya safari zile za usiku zingalikuwa mazungumzo ya mchana, labda mama angalipata usingizi.

Sifa lazima nimpe katika jambo la moyo. Hapo simjui mwandishi aliyemzidi. Mvulana ametahiriwa, yuko na wenzake katika nyumba ya kupona, na siku moja mama yake anaonyeshwa kwake kutoka mbali, hawaruhusiwi kukaribiana. Anamwona, mavumbi ya njia yako katikati yao. Kisha anarudi nyumbani, anapewa nguo za kiume na nyumba yake. Alikuwa anaitaka siku ile kwa miaka, na sasa anaona kwamba mlango wa mama si mlango wake tena. Furaha na huzuni zimo katika kifua kimoja kwa saa moja. Ndivyo walivyo vijana wetu! Asubuhi anataka kuoa dunia, jioni analia kwa sababu mdogo wake amevaa kandambili zake. Sisi twaita hayo ukaidi. Baba hupandisha sauti, mtoto hufunga mlango. Angesoma kurasa zile baba yule angeona kwamba mtoto afungaye mlango anaulilia ule mwingine uliofungwa nyuma yake. Na hizi ndizo kurasa zilizokatwa kwa wembe.

Sasa wasichana. Kitabu ni cha mvulana, hatuwezi kumdai mtu asimulie maisha asiyoishi. Hata hivyo nilitaka kuwapa wasichana wangu kitu cha kwao, nikatafuta katika maandishi ya Kiswahili, nikafika kwa Mwana Kupona wa pwani ya kaskazini ya Kenya, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa nasaha. Mama anayekaribia kufa anamwachia binti yote anayoyajua. Hakuna jambo la kugusa moyo kuliko hilo. Anamfundisha dini, adabu, usafi, kujipamba, namna ya kumtunza mume. Lakini binti anayefundishwa amekwisha kuwa mwanamke. Lile daraja la kati, kati ya mtoto na mwanamke, mama amelivuka kimya.

Labda kwa sababu huko pwani daraja lile lilikuwa na watu wake. Msichana alipoona damu ya kwanza alikabidhiwa kwa mwanamke mkubwa, kungwi au somo yake, amfundishe. Yule mwimbaji wa Unguja, Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, wengi walimjua kwa taarabu. Kwao alikuwa pia mwalimu wa unyago, mwenye ngoma na nyimbo za kuwafunda wasichana. Najua mapadri na mashehe wamenung'unika juu ya unyago, na mimi nami sipendi kumfundisha mtoto mambo ya kumpendeza mume kabla hajamaliza shule. Lakini nawauliza wanung'unikaji wenzangu: je, alikuwako msichana mmoja katika mikono ya kungwi aliyedhani kwamba anakufa?

Maana kwetu alikuwako. Miaka michache iliyopita msichana mmoja wa mafundisho aliacha kuja. Alikuwa hodari, ajibuye kwanza. Juma la kwanza nilidhani yuko shambani, la pili nikamtuma mke wangu. Alimkuta amelala nyuma ya nyumba ya bibi yake, hataki kula. Alikuwa amebeba kikapu cha mihogo kutoka mbali, na jioni ile akaona damu. Akaamini kwamba ndani ya tumbo kitu kimekatika kwa uzito wa mzigo. Aliificha damu kwa majani na kwa kipande cha kanga kichafu, akingoja kufa, asimwambie mtu, kwa sababu sehemu ile haitajwi. Bibi alijua, aliona nguo, naye alinyamaza akisema kwamba ni kazi ya mama; na mama alikuwa Kisangani akifanya biashara. Mke wangu aliketi naye, akamweleza, akampa vitambaa safi, akamwonyesha namna ya kuvifua na kuvianika juani, si chini ya kitanda penye unyevu. Msichana akamwuliza kama na yeye, mke wa katekista, huona vilevile. Alipojibiwa ndiyo, alicheka mpaka akakohoa.

Mimi nilikuwa mwalimu wake kwa miezi minane. Nilikuwa nimemfundisha Amri zote kumi.

Wako watakaosema kwamba haya si kazi ya Kanisa, ni kazi ya wazazi. Ni ya wazazi kwanza, naam. Lakini tamko la Mtaguso wa Vatikano juu ya elimu, la mwaka 1965, limekwisha kusema kwamba watoto, kadiri wanavyokua, wapewe elimu njema na ya busara juu ya jinsia. Na Papa Fransisko aliandika kurasa kadhaa juu ya jambo hilo mwaka 2016, katika waraka wake juu ya upendo katika jamaa. Shule zetu za Kongo nazo zina somo liitwalo Elimu ya Maisha. Nimekaa nyuma ya darasa moja nikasikiliza. Mwalimu alifundisha ukimwi kwa bidii, akaandika ubaoni njia zote za kuambukizwa, akafika kwenye ukurasa wenye picha ya mwili, akasema, Huu mtasoma wenyewe nyumbani. Kitabu ni kimoja tu, nacho ni cha mwalimu.

Tena kuna neno la ndoa, ambalo kwa Obokote si neno la vitabuni. Mara msichana aotapo matiti huonekana njiani macho ya wanaume, na wajomba huanza kuhesabu mbuzi. Sheria ya Familia ya nchi yetu, kama ilivyogeuzwa mwaka 2016, yakataza ndoa kabla ya miaka 18 kwa mume na kwa mke. Zamani msichana aliruhusiwa akiwa na 15. Nimewasomea wazee sheria hiyo barazani. Mmoja akanijibu kwamba mwili wenyewe umesema yuko tayari. Nikamwambia kwamba mwili umesema umeanza. Mifupa ya nyonga ya msichana wa miaka 13 haijamaliza kukua, na mtoto akikwama katika kuzaa ni yeye atakayekufa au kubaki na kidonda cha kuvuja mkojo. Hilo si ngurumo ya kutisha, wauguzi wa uzazi wanalijua. Mzee alinyamaza. Hakukubali, ila mbuzi hawakuhesabiwa siku ile.

Nimeendelea kukisoma kitabu cha Laye na vijana, pamoja na makosa yake. Wavulana hukaa nami Jumamosi chini ya mwembe, wasichana hukaa na mke wangu jikoni. Tukifika kwenye Konden Diara mimi husoma polepole, nao hushika pumzi. Kisha huwapa ubao mdogo na kamba wazungushe wenyewe. Sauti yake yatisha kweli, mbuzi wa jirani hukimbia. Baada ya hapo maswali huja yenyewe, mengine ya kunitoa jasho.

Sura ya tohara huwasimulia kwa kichwa, nami naona kwamba kila mara naisahau kidogo. Msomaji mwenye nakala nzima, akubali kutuazima kwa miezi miwili, aipeleke kwa mapadri wa Lubutu wenye kupita huku. Tutainakili kwa mkono na kuirudisha.